Kimono Kisicho na Mshipi

Kitu cha kwanza nilichokiona katika chumba kile ni kwamba kimono cha kulalia walichonikunjia hakikuwa na mshipi.

Nilikikung'uta. Nikainua mto. Nikachungulia chini ya meza. Hakuna. Nikasema moyoni, mhudumu amesahau, na mimi si mtu wa kumwita mhudumu nikamwambia amesahau. Nikakivaa hivyohivyo, nikakishika kifuani kwa mkono wa kushoto, nikaketi. Mkono wa kulia nikautumia kunywea chai.

Wakaniletea tufaha. Lilikuwa limekwisha kumenywa na kukatwa vipande. Kwetu Tsugaru, huko kaskazini, mgeni hupewa tufaha pamoja na kisu chake, amenye mwenyewe apendavyo.

Nikataka hewa. Dirisha likafunguka kiasi cha kupitisha vidole, likagoma.

Na nje ya mlango wa karatasi kulikuwa na mtu. Kila nilipojisogeza, alikohoa.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, nikupe kwa ufupi. Mimi ni Hatsue, niliyeachishwa shule darasa la nne ili nibebe watoto wa watu mgongoni. Mama yetu alikuwa amelala tangu mavuno ya mpunga, na daktari alisema asingeiona theluji ikiyeyuka. Nikapanda treni kuja kusini kumtafuta dada yangu Toki. Muuza matufaha wa kijijini ndiye aliyemwona: ameolewa na mtoto wa mwenye hoteli kubwa kuliko zote katika mji mmoja wa chemchemi za moto, huko Izu. Dada alimnong'oneza yule mzee wa matufaha aende zake kimya, kwa sababu pale alikuwa amesema hana mtu duniani.

Kwa hiyo nilipofika mlangoni sikuweza kulitaja jina lake. Ulimi haukupata neno lingine ila kuomba chumba.

Karani mkuu, mzee Kuramoto, alichungulia nyuma yangu kutafuta mume, au mama, au hata shangazi. Hakuona mtu. Akainama kwa adabu akasema vyumba vimejaa. Sikujua kwamba mwanamke wa peke yake hapewi chumba katika mji ule. Watu wa kwetu hatulali hotelini, tungejuaje?

Nilidhani ni miguu yangu. Sakafu yao iling'aa kama bakuli la supu, na soksi zangu zilikuwa tope tupu. Basi nikashuka mtoni kuosha miguu ili nirudi kuomba tena nikiwa safi. Viatu vilikuwa vya kuazima, vya mkunga wetu, nisingethubutu kuvilowesha. Nikavivua juu ya daraja, nikavipanga sambamba, na furushi langu nikaliweka pembeni.

Kila mtu wa nchi hii anajua viatu vilivyopangwa hivyo darajani vinasema nini: mwenye navyo hatarudi. Hata mimi ningejua, kama vingekuwa vya mtu mwingine.

Mpishi wa hoteli ndiye aliyenitoa majini, amenikumbatia kiunoni kama gunia la mchele. Nikasema naosha miguu. Wakaniuliza, mwezi wa pili, katika baridi hii? Hakuna aliyeniamini. Ndipo akatokea Bi mkubwa mwenye hoteli, Bi Murase, akavitazama vile viatu kwa muda mrefu, akasema nipewe chumba. Cha ghorofa ya chini.

Hapo ndipo nilipoishia. Na hivyo ndivyo mimi niliyefukuzwa mlangoni nilivyopata chumba wanamolala mawaziri, bure, nimeshika kimono kwa mkono.

Aliyekuwa akikohoa aliingia bila kuitwa. Alikuwa mhudumu wa siku nyingi, jina lake Bi Tatsu, mwenye magoti mabovu, na alikaa chini kwa kelele kama mtu anayevunja kuni.

"Haya, binti," akasema. "Ni mwanamume gani?"

Nikasema si mwanamume.

"Kila anayekuja hapa husema si mwanamume. Mimi nimeachwa na watatu, na jana nimekula mabakuli mawili ya wali. Kula samaki huyo."

Samaki alikuwa mzima, mwekundu, mkia umeinuka kama wa harusini. Nikamfikiria mama na uji wake. Sikuweza. Bi Tatsu akanisaidia kumla, huku akinisimulia habari za bibi mmoja mpole aliyekuja peke yake msimu wa majani mekundu, akashukuru kwa kila kitu, akakunja hata matandiko yake, na kulipokucha hayupo tena duniani. Wageni walihama wote siku ileile. Tangu hapo hoteli zote za mji zilikubaliana kutompokea mwanamke wa peke yake.

Ndipo nikauelewa mshipi: waliogopa nisijinyonge nao. Nikaelewa na kisu cha tufaha, na dirisha, na kikohozi.

Nilimwomba kwa heshima anipe mshipi, kwa kuwa mkono ulikuwa umechoka. Akasema nitaupata nikishapanda treni, si kabla. Kisha, kunifurahisha, akaniambia nimekuja na bahati, maana kesho ni siku ya Mbwa katika kalenda na hoteli ina sherehe. Mke wa mtoto wa Bi mkubwa ana mimba ya miezi mitano. Kesho atafungwa mshipi wa tumbo, azae kwa wepesi kama mbwa wazaavyo.

"Masikini, hana mama," akasema Bi Tatsu, akichomoa mwiba wa samaki menoni. "Mshipi ule huletwa na mama mzazi. Wazazi wake waliungua na nyumba, baba na mama. Imebidi Bi mkubwa aununue mwenyewe."

Mlango ulisogea, na huyo mwenye mimba akaingia kwa magoti, akaweka paji la uso juu ya mkeka, akanikaribisha kwa jina la hoteli nzima.

Alipoinua uso alikuwa dada yangu Toki.

Pale walimwita Kasumi. Nywele zimepandishwa, shingo nyeupe, na maneno yanamtoka laini kama ya watu wa redioni. Alinitazama. Hakupepesa jicho. Bi Tatsu alikuwa katikati yetu, akinyonya kichwa cha samaki.

Dada akanimiminia chai, akauliza kama mgeni wetu ametoka mbali. Nikasema kaskazini. Akauliza kama huko theluji bado ipo. Nikasema imefika madirishani.

"Na nyumbani, umemwacha nani?"

"Mama."

"Hajambo?"

"Hali tena chakula. Anamwita mtu."

Birika halikutikisika. Akalirudisha mahali pake, akaligeuza hata mdomo wake ukatazama upande unaotakiwa.

"Poleni sana," akasema. "Maji ya kuoga yapo tayari."

Akainama, akarudi nyuma kwa magoti, akafunga mlango.

Nilikuwa nimesafiri urefu wote wa nchi, nimelala nimekaa, nimekula wali baridi uliogandamana na kitambaa, ili niambiwe maji ya kuoga yapo tayari. Nililia. Bi Tatsu akafurahi sana, akasema kulia ni dawa, wanaolia huwa hawafi.

Lakini hata kuoga sikuruhusiwa peke yangu. Maji ni maji. Ilikuwa zamu ya Bi Tatsu kunisindikiza, na magoti yake yakakataa ngazi. Nikasikia sauti kwenye ujia ikisema, "Acha, Bi Tatsu. Nitampeleka mimi."

Bafu la wanawake lilikuwa tupu, mvuke mtupu. Dada alifunga mlango. Akavua, nikaliona tumbo. Akaniketisha juu ya kigoda, akachukua kitambaa, akaanza kunisugua mgongo kama alivyokuwa akinisugua nikiwa mdogo, kwa hasira, mpaka ngozi ikawaka. Na alipofungua kinywa, ile sauti ya redioni haikuwepo. Alisema kikwetu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Ni yule mzee wa matufaha. Nilimwambia afunge mdomo."

"Mama anakufa, dada."

Kitambaa kilisimama. Kisha kikaendelea.

Akaniambia yote, haraka haraka, mdomo karibu na sikio langu. Alipokuja kuomba kazi pale, msichana aliyemtangulia aliulizwa kama ana kwao, akajibu anako, wakamrudisha. Mwenye kwao huomba ruhusa mwaka mpya, huomba ruhusa siku za kuwakumbuka wafu, na hizo ndizo siku hoteli inapofurika. Yeye akasema kwao kumeungua.

"Nilikuwa na njaa, Hatsue. Sikujua kwamba uongo nao hukua, ukapata mume, ukapata na mimba. Leo nikisema nina mama, nani ataamini hata mtoto huyu ni wa nani?"

Mimi huwa sijibu watu. Waliosoma toleo la kwanza wanakumbuka hata chenji ya nauli nilishindwa kuidai. Lakini mule ndani nilikuwa uchi, na mvuke ulikuwa umenificha, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Ulishamzika akiwa hai. Basi njoo umtazame kabla sisi hatujamzika."

Akanimwagia ndoo nzima ya maji ya moto kichwani.

Baadaye akanifuta nywele, akanifuta na nyuma ya masikio, akaniambia nitapanda treni asubuhi, na yeyote akiniuliza niseme simjui. Nikamwuliza kama hatakuja. Akasema kesho ni siku ya Mbwa, angeendaje? Akavaa nguo zake, akawa Kasumi.

Asubuhi niliitwa kwa Bi mkubwa.

Alikaa nyuma ya jiko la makaa, mgongo umenyooka. Mzee Kuramoto alikuwa mlangoni, tayari amevaa koti la safari na chakula cha njiani amekifunga. Dada alikuwa pembeni, kichwa chini. Juu ya sinia palikuwa na kitambaa cheupe, kirefu, kimekunjwa vizuri.

"Kasumi," akasema Bi mkubwa, "unamjua binti huyu?"

"Simjui, mama."

Akanigeukia mimi, akaniuliza nilikuja kumtafuta nani.

Ndugu msomaji, nataka ujue nilichokuwa nacho mdomoni wakati ule. Maneno matatu tu: huyu dada yangu. Ningeyasema, angefukuzwa kabla chai haijapoa. Na akifukuzwa angeenda wapi, kama si nyumbani? Ningerudi naye. Mama angemwona. Kila nilichokifuata kilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu.

Nikalitazama lile tumbo.

"Nilikuja kumtafuta mtu," nikasema. "Hayupo hapa."

Mabega ya dada yakashuka. Nilikuwa nimemwokoa, na nilikuwa nimempoteza.

Bi mkubwa akaitikia kwa kichwa. Akasema mgeni kama mimi hapandishwi treni peke yake. Desturi ya hoteli ni kumsindikiza mpaka kwao na kumkabidhi mkononi mwa mzazi wake. Mzee Kuramoto akasema yeye yuko tayari.

"Ukifika huko wakakwambia mama yake yu hai au amekufa," Bi mkubwa akamwuliza, "utaelewa wanachosema?"

Mzee akakuna kichwa. Akasema kusema kweli watu wa kule husema kama wana kiazi cha moto mdomoni.

"Basi aende anayeelewa."

Makaa yalilia kidogo.

"Kasumi. Kila jioni, kabla hatujawafungulia wageni, mimi hukagua bafu la wanaume. Wewe unajua hivyo. Na ukuta wetu wa bafu haufiki darini, kama ukuta wa bafu lolote nchini. Miaka yote hii unaishi hapa, umesahau? Kikwenu sikukielewa chote, lakini neno mama nililielewa."

Dada akaanguka kifudifudi juu ya mkeka. Akaanza kuomba radhi, mara kwa lugha ya redioni, mara kwa kikwetu, mpaka zikachanganyika. Bi mkubwa akamwacha aishiwe.

"Nimeishi na wageni maisha yangu yote," akasema. "Mgeni akinidanganya jina, namtandikia vilevile. Lakini wewe si mgeni."

Nilidhani atamfukuza. Badala yake aliivuta ile sinia, akakifunika kitambaa cheupe, akaisogeza nyuma yake.

"Mshipi huu niliununua kwa sababu uliniambia hakuna wa kuuleta. Sasa nasikia yupo. Nenda kauchukue kwake. Uutoe mikononi mwake, si kwenye sanduku lake. Ukiuleta, utafungwa hapa mbele ya watu wote, na sitauliza neno. Siku ya Mbwa hurudi kila baada ya siku kumi na mbili, ijayo haiko mbali. Nitaisubiri hiyo moja. Usipokuwa nao, usirudi."

"Mama," dada akasema, "na kama nitamkuta amekwisha..."

Bi mkubwa alikuwa amekwisha kusimama. Wageni wa asubuhi walikuwa wanaondoka, na lazima awapungie mkono. Akapita karibu yangu, akasimama.

"Wewe utarudi naye uniambie ulichokiona. Nilikuamini tangu pale darajani. Mtu anayetaka kufa hasugui katikati ya vidole. Lakini hoteli haiwezi kukaa juu ya imani yangu mimi peke yangu."

Tukapanda treni.

Safari ya kuja nilikuwa nimebanwa na bibi mmoja na kikapu chake. Safari ya kurudi watu walitupisha, kwa ajili ya kimono cha dada. Alikaa dirishani. Tulipofika Tokyo tukabadili treni katika kituo cha Ueno. Akanunua vyakula viwili vya sanduku na chai. Chake hakukigusa. Changu nikakifunga tena na uzi wake, nimpelekee mama, kilikuwa na kipande cha kaa, na mama hajawahi kula kaa.

Kadiri theluji ilivyozidi nje, ndivyo dada alivyozidi kubadilika. Muuza chai alipopita, alimwita kwa kikwetu bila kujijua. Kisha akajiziba mdomo. Muuza chai akacheka, akamjibu kwa kikwetu vilevile, akamwita shangazi.

Alikuwa na hofu, niliiona. Mkono mmoja alikuwa ameuweka juu ya tumbo, mwingine umeshika mkoba. Kila tulipopita kituo aliniuliza jambo moja la nyumbani. Paa limetengenezwa? Halijatengenezwa. Mama analala upande gani? Upande wa moto. Nani anamwangalia sasa hivi? Mkunga, mwenye viatu hivi.

Kulipokucha treni ilikuwa imesimama.

Nilidhani ni kituo tu. Lakini injini ilikuwa imenyamaza, na nje hapakuwa na mbingu wala ardhi, weupe mtupu na taa moja. Kondakta akapita akituinamia mmoja mmoja na kuomba radhi kana kwamba theluji ameileta yeye. Reli imefunikwa mbele. Wachimbaji wa theluji wametoka. Pengine jioni, pengine kesho. Asiyeweza kusubiri, upande wa pili wa jukwaa kuna treni inayorudi kusini. Itaondoka sasa hivi, kabla haijafungiwa nayo.

Watu wakaanza kuvuka na mizigo yao.

Dada akasimama.

"Dada, keti," nikasema.

Akashuka. Nikamfuata na furushi na lile sanduku la chakula. Baridi ilikata pumzi. Alivuka jukwaa mpaka mlangoni mwa ile treni nyingine, akashika chuma, akageuka. Theluji ilikuwa inampiga usoni, na uso wenyewe sasa ulikuwa wa kwetu kabisa.

"Kama amekufa?" akauliza.

"Hajafa."

"Umejuaje?"

Nikalikumbatia lile sanduku la chakula.

"Nikifika nikamkuta amekufa, sina mama, sina mume, na huyu hana baba. Nikirudi sasa nitasema reli ilifungwa. Si uongo. Mama mkwe ana moyo, umemwona. Atanipa siku nyingine ya Mbwa."

"Mama hana siku nyingine."

Akafumba macho. Kondakta wa treni ile alikuwa anafunga milango ya mabehewa ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, anakuja upande wetu.

"Hatsue. Niapie. Ananiita kweli?"

"Anakuita."

"Jina langu? Analitaja Toki?"

"Analitaja."

"Kila siku?"

"Kila siku, dada. Asubuhi na jioni."

"Anasema nini?"

Filimbi ikalia. Mguu wake mmoja ulikuwa juu ya ngazi ya treni, mwingine kwenye theluji. Alikuwa anasubiri neno moja tu kutoka kwangu, na nililijua neno lenyewe, na mdomo wangu ukafanya kama unavyofanya siku zote. Ukafunga.

Sikulisema pale. Sikulisema kwa mkunga, wala kwa daktari, wala kwa Bi mkubwa. Nalisema leo, gazetini, ambapo sihitaji kumtazama mtu usoni. Dada Toki, kama unasoma, hiki ndicho alichokuwa akisema.

Nikimlisha uji, husema, ahsante, Toki. Nikimgeuza ubavu, husema, Toki, utachoka, kalale. Nikimsugua miguu, huniambia, Toki, mwanangu, nilijua wewe hutaniacha. Nami naitika. Tangu theluji ya kwanza naitika. Hakuwa akikuita wewe uliye mbali, dada. Alikuwa akiniita mimi.

Na sikupanda treni ili upate kumwona mama. Nilitaka uje uketi mbele yake, nami niketi pembeni yako, atutazame sote wawili kwa pamoja, na kabla hajaenda ajue, hata kwa mara moja, kwamba Toki ni huyu, na huyu mwingine ni Hatsue.